Gari Lililokaa Juu ya Mawe

Baba alikuwa dereva wa watu kwa miaka thelathini na mmoja. Alipostaafu, tajiri wake, mtu wa mashindano ya magari ya porini, alimwambia achague: sehemu ya kiinua mgongo chake, au lile gari la mashindano. Baba akachagua gari.

Lilikuwa limesimama juu kama mbuni. Magurudumu yalinifika kiunoni, na bomba la kupumulia lilipanda hadi kwenye paa ili injini isinywe maji mtoni. Mtaa wetu wote wa Kaloleni ulikuja kulitazama. Baba alitaka kitu kimoja tu: aliendeshe mwenyewe hadi kwao Kitui, avuke mto wa mchanga ulio chini ya boma la wazazi wake.

"Jumamosi," akasema.

Mimi ndiye niliyekataa. Mtaani kwetu mtu akienda kununua kitu hunipitia kwanza. Nimewahi kununua mbuzi soko la Kiamaiko kwa bei iliyomfanya muuzaji aniulize kama nina roho. Basi nikawapigia simu madalali watatu, kisha nikawapigia tena. Magari ya aina ile hayatengenezwi siku hizi, wakasema. Lililotembea kidogo ndilo ghali. Milioni mbili na nusu.

"Baba, kila kilomita unakula pesa yako. Ngoja mwaka mmoja."

"Gari la kukaa, mama?" Huniita mama kwa sababu nimepewa jina la mama yake. "Hata ng'ombe wa maziwa hutolewa nje."

"Mwaka mmoja tu."

Akakubali. Mimi nilikuwa na hesabu, yeye alikuwa na hamu tu. Tukaliinua juu ya mawe kando ya nyumba, tukalifunika turubai. Kila Januari nilimletea bei mpya, na kila ilipopanda nilimwomba angoje kidogo. Ikawa miaka sita. Kufikia mwaka wa tano alikuwa ameacha kuuliza habari za safari, nami nikadhani ameielewa biashara.

Kumbe macho yake yalikuwa yanapofuka. Presha ya macho, daktari alisema, na kilichokwisha kupotea hakirudi.

Ndipo nikaita mnunuzi. Alikuja kutoka Kariobangi na fundi wake, fundi akaingia chini ya gari na tochi, akakaa huko muda mrefu bila neno. Kimya kile nakijua. Huwa nawafundisha watu wakitumie kushusha bei.

"Madam, hii gari imezeeka ikiwa imelala," mnunuzi akasema. "Tangi ni kutu tupu. Mipira yote imekauka. Panya wamekula waya, tena wamejenga kabisa. Breki zimeshika."

"Angalia kilomita kwanza."

"Nimeona. Weka kiatu kipya miaka sita. Siku ya kuvaa, soli inabaki barabarani." Akajifuta mikono. "Laki nne. Nachukua injini na difu, hivyo tu ndivyo vizima. Bodi nitauzia watu wa vyuma, kwa kilo."

Nilifungua mdomo niitukane bei yake. Nikapiga hesabu kutoka juu, nikaipiga tena kutoka chini. Ningekuwa upande wake, ningesema laki tatu na nusu.

Baba alikuwa kwenye kiti mlangoni, uso umeelekea kwenye sauti zetu. "Mama, limetembea kilomita ngapi?"

"Zilezile, baba."

Akamwita mnunuzi. "Kijana, wakati wa kulitoa lazima mtu ashike usukani. Nishike mimi, hadi barabarani tu. Mtaniambia kulia, kushoto."

Mnunuzi alinitazama, nami nikatazama turubai.

"Mzee, pole," akasema. "Magurudumu hayazunguki."

Walilivuta kwa mnyororo hadi kwenye lori, mpira ukilia juu ya kokoto. Baba aliisikiliza safari yote ile, kama hatua arobaini.

Nikamwekea noti mapajani. Hakuzipapasa kujua ni ngapi. Alizikusanya, akanirudishia. "Chukua. Wewe ndiye uliyetaka pesa."

Nikaanza kumbembeleza, kazi ninayoijua. Nikamwambia nitakodi gari zuri, la juu vilevile, na dereva mwenye adabu, tutavuka huo mto, hata mara mbili.

"Na mimi nikae wapi?" akauliza. "Nyuma?"