Nambari ya Baba

Baba hakuwa na imani na ruta. Alisema kifaa kinachogawia mashine nambari ovyo, leo hii kesho ile, ni kama mtu anayegawa chai matangani bila kuangalia nani ameshakunywa. Kwa hivyo nyumbani kwetu Kanduyi, pale Bungoma, kila kompyuta ilipangiwa kwa mkono anwani yake ya IP, ile nambari ya kuitambulisha mtandaoni, na ya kwake iliishia kwa saba.

Alipofariki, nilimnunulia dada yangu mdogo kompyuta mpya huku Kitale ninakofanya kazi. Mwenye duka, Kalasinga wa kilemba asiyependa maneno mengi, aliniambia ruta itaipa nambari yenyewe, nisijisumbue. Nikamwambia sawa, na sikumfuata. Sisi Wabukusu mtu akiondoka, jina lake hupewa mtoto ili lisipotee, na sikuona kwa nini nambari ipotee. Nilipofika nyumbani niliketi sebuleni, nikafungua mipangilio ya mtandao, nikaandika ile ya saba. Mama, aliyekuwa akichambua mboga, akaniuliza nafanya nini. Nikamwambia mashine hii inarithi nambari ya Baba. Akaendelea kuchambua mboga.

Dada alikuwa ameomba kazi tangu amalize chuo, mpaka akachoka kuomba. Sasa kampuni moja ilitaka mtu wa kujibu wateja akiwa nyumbani, na ilikuwa ya kwanza kumwita kwa mahojiano, kwa video, alasiri. Akanipigia simu: mtandao unakatika kila siku baada ya chakula cha mchana. Nikalaumu watu wa intaneti. Nikalaumu mvua. Nikamlaumu na yeye, ati anafungua vitu vingi. Siku ya mahojiano nikateremka Bungoma mwenyewe, nimekasirika, na waya mpya kwenye mfuko.

Walianza vizuri. Kisha picha ikaganda, ikapotea, na kwenye skrini ukatokea ujumbe kwamba anwani hii inatumiwa na mashine nyingine. Dada akasema huo ujumbe huja kila siku, yeye huufunga tu. Kha! Nilitamani kumfinya. Mashine gani nyingine, na nyumba nzima naijua? Lakini alikuwa ameanza kulia, na wale wa kampuni walikuwa wamemwandikia kwenye simu kwamba watamngojea kidogo.

Nikafuata waya. Mmoja ulitoka kwenye ruta ukaja kwetu sebuleni. Wa pili ulipita chini ya zulia ukaingia chumbani kwa Mama, ambako nilijua kompyuta ya Baba imezimwa na kufunikwa kitambaa. Kitambaa kilikuwa kimekunjwa vizuri kitandani. Mama alikuwa ameketi mbele ya skrini, akisikiliza sauti ambayo Baba alijirekodi zamani akijaribu maikrofoni: haloo, haloo, hii kitu inasikia kweli? Ikiisha, anaianzisha tena. Hakujua kubofya mahali pengine popote.

"Mama, kumbe huwa unaiwasha?"

"Jina hupewa mtoto mwenyewe akishaondoka," akasema bila kugeuka. "Huyu nani alikuambia ameondoka?"

Nilisikia huzuni ambayo hata siku ya mazishi sikuisikia, maana siku hiyo nilikuwa na wageni wa kulisha. Nikamweleza kwamba mashine mbili haziwezi kutumia nambari moja kwa wakati mmoja, ndiyo maana Dada anakatikiwa. Mama akanyoosha mkono kwenye swichi. Akasema wacha azime, mtoto apate kazi.

"Usizime," nikamwambia.

Nikarudi sebuleni, nikafuta ile saba, nikaandika nambari ambayo haijawahi kuwa ya mtu. Picha ikarudi. Dada akapangusa uso kwa mkono wa blauzi yake ya kanisani, akaomba radhi, akaendelea. Kazi aliipata, ingawa siku hiyo hakuna aliyejua.

Mimi nilibaki kwenye korido. Huku dada anajibu maswali kwa Kiingereza chake cha chuo, kule Baba anauliza tena kama hii kitu inasikia kweli.

"Inasikia, mzee," Mama akamjibu.