Chombo cha Maziwa Kilichonuka Urwagwa

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa mashine. Shefu wa Atelier, yaani mkuu wa karakana, Mkongomani mwembamba asiyevua kofia hata ndani ya nyumba, alinipa sumaku iliyotolewa kwenye spika mbovu, akanionyesha rundo la mbao nyuma ya karakana: mbavu za mitumbwi iliyochoka, vizingiti vya milango, miguu ya vitanda. Kazi yangu ilikuwa kupitisha sumaku juu ya kila kipande nikitafuta misumari. Nilinuna kweli kweli. Nilikuja kujifunza kukereza, si kupapasa kuni.

"Mbao ya zamani iko na maneno yake," akaniambia. "We usiamini macho. Musumari moja tu, patasi inakurukia ku uso. Na mi sitaki kuenda kumuelezea mama yako."

Nyinyi vijana mliozoea vitu vya plastiki, nawaeleza. Kukereza ni kufunga gogo kwenye mashine, mota ilizungushe, nawe uegemeze patasi juu ya chuma na kulimenya kama kiazi. Ukitaka kulichimba ndani, unatumia bobari, yaani patasi yenye mdomo wa mviringo. Sikio ndilo linalotangulia, kwa sababu mti wenye ufa hugonga kabla jicho halijauona ufa wenyewe. Shefu alinifundisha hivyo mpaka nikawa nakereza huku nimefumba macho kwa madaha, na yeye ananitukana.

Baadaye nilihamia karakana ya duka la zawadi la hoteli moja hapa Gisenyi, chini ya meneja wa duka, Madame Gérante. Huyo alitaka kila kitu king'ae. Nilikereza vinara vya mishumaa kwa mbao za mitumbwi hadi nikaviota. Madame alikuwa mwema, alituletea chai mwenyewe, lakini ukimpa bakuli lisilo na vanishi alikutazama kama umemletea ugonjwa.

Ndipo akaja Mama Uwase kutoka Nyakiriba, juu ya pikipiki, na kipande cha umuvure kimefungwa nyuma yake. Umuvure ni lile hori la mbao la kukamulia ndizi na kutengenezea urwagwa, pombe yetu ya ndizi. Hilo lilikuwa la marehemu mumewe, na shemeji zake walitaka kulipasua kuni. Ubavu wa hori ni mwembamba, haukerezeki. Mbao nene iko kwenye vichwa viwili tu. Kimoja kilikuwa kimeliwa na mchwa. Kimebaki kimoja.

Alitaka icyansi, chombo cha maziwa. Uwase, binti yake, alikuwa anaolewa Goma, na kwetu huku bibi harusi na mumewe hunyweshwa maziwa na wazazi mbele ya watu wote.

"Papa yake hatakuwa pale," akasema. "Lakini hii mti aliishika kila siku. Nataka ikuwe mu mukono yangu wakati ninamunywesha mutoto."

Ungekataa wewe? Mimi sikuweza.

Patasi ilipogusa tu, urwagwa ukafumka. Miaka yote ile ya ndizi ilikuwa imelala ndani ya mti. Mimi ni Mwislamu wa mtaa wa Mbugangari, tone la pombe halijapita kinywani mwangu, lakini wiki ile msikitini watu walinipisha nafasi kubwa kuliko ya imamu. Mke wangu, Mwajuma, alinivulisha shati mlangoni.

Chombo kilitoka kizuri, shingo nyembamba, tumbo la duara. Nikatia maziwa kujaribu. Asubuhi yamechacha. Nikakisugua kwa jivu na maji ya moto, nikakifukiza kwa moshi wa majani makavu kama wafugaji wanavyofanya. Harufu ikapungua, haikuondoka. Madame akaja na kopo lake la vanishi. Nikamwambia vanishi ni ya vinara, mtu hanyweshwi. Nikampigia Shefu wangu wa zamani, naye akacheka kwanza.

"Maziwa na pombe? Bon, utapatisha uyu mama haya mbele ya bakwe."

Nilimweleza Mama Uwase ukweli wote, nikamshauri anunue chombo kingine sokoni. Akakichukua hicho hicho. Alisema atamimina maziwa dakika ya mwisho, basi.

Siku ya harusi nilikaa nyuma, nimejaa hofu. Wakwe wa Goma walikuwa wamependeza, wanatazama kila kitu. Mama Uwase akamsogezea binti chombo. Uwase akakiinua, kisha akasimama hapo hapo, hanywi. Watu wakaanza kutazamana. Akakirudisha puani, akanusa tena, taratibu.

"Papa," akasema.

Akanywa. Kisha akamkabidhi mumewe: "Kunywa, umusalimie papa yangu."

Nililia mbele za watu, na sioni aibu kusema.

Sasa mikono inatetemeka, mashine nimemwachia binti yangu Zaina. Naamka, naswali, nakaa karakanani kumsumbua na mashauri asiyoyaomba. Nimependa kazi hii, na mbao zilizotupwa nimezipenda zaidi ya mpya. Juzi Uwase alikuja, mtu mzima, na chombo chake mkononi. Kinanuka maziwa tu siku hizi. Aliniuliza kama naweza kurudisha ile harufu. Nikasema haiwezekani. Halafu nikakumbuka kabari ninayozuilia mlango wa karakana: ni kipande cha kile kichwa cha umuvure.

Nilimwambia Zaina apishe. Akanishika viwiko nisiyumbe, nikakereza mfuniko mdogo, na patasi ilipozama urwagwa ukafumka kama siku ile. Uwase aliokota maranda sakafuni, akayafunga kwenye leso yake.

Jioni nilisimama mlangoni kwangu nikaanza kufungua vifungo vya shati, maana namjua mwenye nyumba. Mwajuma akaja, akanusa kola yangu.

"Acha, usilivue," akasema. "Yule mtoto wa Nyakiriba hajambo?"