Mvinyo Nilioutoa Mtungini

Katika ukoo wetu, siku wakwe wanapokuja kujitambulisha, anayezungumza kwa niaba ya binti ni mjomba. Mjomba akicheka, nyumba yote imecheka. Akinuna, nyumba imenuna. Nililijua hilo vizuri siku wazazi wa mchumba wa mpwa wangu walipofika Ifakara kutoka Mkula, kwa hiyo siwezi kusingizia kwamba maneno yaliniponyoka.

Kijana alikuwa amerudi karibuni kutoka nchi ya baridi, alikosomea kilimo kwa miaka miwili. Alileta chupa moja ya mvinyo mwekundu, akiwa ameiviringisha ndani ya sweta njia nzima. Alimkabidhi dada yangu, mama wa binti, kwa mikono miwili. Dada alipika kwa miaka mingi katika nyumba ya masista wa Kizungu kabla ya kustaafu. Aliiosha chupa, akaenda nayo jikoni, akaizamisha kwenye mtungi wa maji.

Mimi ni mtunza ghala wa mashine ya kukoboa mpunga. Shule niliishia darasa la saba. Mengine nimejisomea mwenyewe, somo moja baada ya jingine: redio, nyuki, mwili wa binadamu. Miaka hiyo nilikuwa kwenye mvinyo. Nilikuwa na kitabu cha kufundishia wahudumu wa hoteli, nilichonunua kwa muuza vitabu vya mtumba Morogoro, na nilikuwa nimeonja mivinyo kadhaa myekundu ya Dodoma, mizito, iliyoiva kwenye jua kali. Niliipenda, nikaamini kwamba mvinyo mwekundu ndivyo ulivyo, hauna namna nyingine. Kitabu kilisema mwekundu hunywewa kwa joto la chumba. Nilikuwa nimeipigia mstari sentensi hiyo.

Nilimfuata dada jikoni nikaitoa chupa mtungini.

"Dada, mwekundu hauwekwi kwenye baridi. Unanywewa kwa joto la chumba."

"Chumba cha wapi?" aliuliza.

Nilidhani ananitania. Niliiweka mezani, barazani, mbele ya wageni. Ilikuwa Novemba, mvua haijaanza, karibu saa saba mchana. Ghalani kwangu kipimajoto cha saa hizo husoma nyuzi thelathini na mbili au tatu.

Baada ya chakula nilimimina. Rangi yake ilikuwa nyepesi kama maji ya rozela. Nyuma ya glasi niliona wazi maua ya kitambaa cha meza. Nilinusa, ukali wa kilevi ukanipanda puani. Nilionja, ulikuwa vuguvugu na mchachu. Nikainua glasi kwenye mwanga, kama yule mhudumu kwenye picha ya kitabu.

"Wakwe zangu," nikasema, "huu umeongezwa maji. Mvinyo wa kweli hauonyeshi kitambaa cha meza."

Watu walicheka sana. Baba mdogo wa kijana alipiga goti lake. "Kumbe mwanetu kapigwa huko huko Ulaya! Sisi tunajua wanaopigwa ni wa Kariakoo!"

Kijana alianza kusema, "Mjomba, hizi zabibu mimi..."

Nilimwinulia kiganja. "Subiri, mwanangu, nikufundishe."

Nikafundisha. Nilieleza jua, sukari, rangi na ganda la zabibu. Baba yake alinisikiliza huku akiitikia kwa kichwa, kwa heshima. Kijana alitazama miguu yake. Glasi zilirudi jikoni zikiwa zimejaa nusu.

Kesho yake mchana nilipita kwa dada. Theluthi ya mvinyo ilikuwa imebaki, naye alikuwa ameifunga chupa na kuilaza mtungini usiku kucha. Alinimiminia kwenye kikombe cha chai na kuendelea kuchambua mchele.

Nilikunywa. Ule ukali wa puani haukuwepo. Palikuwa na harufu ya matunda ya forosadi, na chini yake harufu ya udongo wa shambani baada ya mvua ya kwanza. Uchachu uliokuwa umenikera jana sasa ulikuwa unaamsha mate, ukanifanya nitake funda jingine, kisha kipande cha samaki, perege, kisha funda jingine tena. Ulikuwa mwepesi lakini haukuwa na maji. Ulikaa mdomoni muda mrefu baada ya kumeza.

Dada alinitazama. "Eeh, mwalimu?"

"Umetulia kidogo," nikasema.

Hilo ndilo jibu nililotoa. Nilikuwa nimeshajua kwamba nimekosea, nikaondoka.

Miezi iliyofuata nilisoma zaidi, nikitumaini kupata kitabu kitakachonitetea. Sikukipata. Vyote vilisema jambo moja: mahali pa baridi zabibu huiva polepole, haijazi sukari nyingi, hubaki na uchachu wake na harufu zake za ndani, na aina nyingine zina ganda jembamba ambalo kamwe halitoi rangi nzito. Mvinyo kama huo hupozwa kidogo. Na hicho chumba cha kwenye vitabu ni chumba cha nyumba ya mawe, huko kwenye baridi.

Kilichoniumiza zaidi ni kwamba jambo hili nalishika mikononi kila siku. Sisi wa bonde hili tunajua kwamba mpunga wa kienyeji unaokaa shambani muda mrefu ndio unaonukia, na ule wa muda mfupi hujaza magunia bila harufu. Mkulima akiniletea mpunga unaonukia sijawahi kumwambia umepungukiwa kitu kwa sababu punje zake ni nyembamba.

Harusi ilifungwa. Lakini mkwe akija kwa dada alikaa barazani, ukingoni mwa kiti, akajibu alichoulizwa na kuondoka. Zawadi zake zilikuwa sukari na sabuni, vitu ambavyo hakuna mtu anayeweza kuvisema vibaya. Siku moja dada aliniambia, "Nimepata mkwe, lakini anaiogopa nyumba yangu. Hata maji hanywi."

Ndipo nilipomweleza yote, pamoja na kile kikombe cha chai.

"Nilijua," alisema. "Nilikuwa nasubiri useme. Sasa mimi usiniambie. Ulimsema mbele ya watu, ukaseme mbele ya watu."

Jumapili tulikwenda Mkula wawili. Mkwe alikuwepo, amekuja kutoka kazini Kidatu. Baba mdogo naye aliitwa. Nilisimama nikasema kwamba mvinyo ule ulikuwa mzuri, kwamba niliuharibu mimi kwa joto, kwa kufuata kitabu nisichokielewa, na kwamba kesho yake tu nilijua nikanyamaza.

Baba mdogo alicheka. "Kumbe mjomba naye alikuwa anasoma tu!"

Baba wa kijana hakucheka. "Mimi nilikuamini," aliniambia. "Tuliporudi hapa nilimgombeza. Nilimwambia kanitia aibu kwa watu kwa kitu cha bei rahisi. Alinijibu kwamba mizabibu ile aliichuma yeye, na mimi nikamwambia aache uongo."

Sikujua pa kuweka mikono yangu.

"Yameisha, mjomba," alisema mkwe. Nilijua hayajaisha.

Dada akamgeukia mkwe wake, "Baba, siku ile ulitaka kusema kitu. Kiseme."

Alisita, akasema. Wakati wa likizo alichuma zabibu kwenye mlima mmoja, alfajiri, vidole vimekufa ganzi kiasi kwamba alijikata kwa mkasi bila kusikia. Mwenye shamba aliwapa vibarua supu shambani. Siku ya mwisho alimpa kila mmoja chupa ya mvinyo wa mavuno yaliyotangulia, kutoka mizabibu ile ile, na yeye akaiweka miezi yote ile bila kuifungua kwa sababu alikuwa ameshaamua itakuwa ya mama mkwe.

"Basi, ndiyo hivyo," akamaliza.

Ilikuwa hadithi ya dakika mbili. Alisimulia akiwa ametazama mlango, haraka, kama mtu anayetoa maelezo ofisini. Nadhani barazani kwa dada, glasi zikiwa zimejaa na baba yake ameketi pembeni, angeisimulia saa nzima.