Gari la Posa Lililokataa Kurudi Nyuma

Jamani, aibu hii nimewaficha wajukuu miaka yote, na kama si mke wangu kunitisha kwamba atawasimulia yeye (naye huongeza chumvi), ningekufa nayo. Nichekeni tu, nimeshazoea.

Ilikuwa hapa Garissa, siku zile za vita vya shifta, wale waasi wa mpakani, kafyu inaanza saa kumi na mbili jioni, na ukikutwa nje baada ya hapo hujui utalala wapi wala kama utaamka. Watu wangu walikuwa wanakwenda kuniposea Halima. Sasa, kwetu Wasomali mwoaji haendi kwenye posa, wanakwenda wazee, wewe unabaki nyumbani unatafuna kucha, na mama mkwe ndiye kabisa hatakiwi kukuona uso, ni aibu kwako na kwake. Lakini dereva wa adeer (ndugu wa baba yangu, mwenye pikapu) aliamka na homa, na mtu mwingine pekee wa kwetu aliyejua kushika usukani alikuwa mimi. Basi tukakubaliana niwe dereva tu, nijifunge kilemba mpaka puani, nisishuke, nisiseme neno.

Tena udereva wenyewe! Nilijifunzia nyika za huko Hulugho, nikipelekea mifugo maji, na huko hakuna anayerudi nyuma: ukipita njia yako unazunguka mduara mkubwa, unarudi. Rivasi niliiona imechorwa tu kwenye gia, hatukuwahi kujuana.

Tulipofika, adeer akasema niegeshe barabarani. Mimi nikajiambia, sasa Halima ataliona vipi gari? Nikaingia nalo kichochoroni hadi mlangoni kabisa, ua wa miiba kulia, ua wa miiba kushoto, mbele zizi la mbuzi wa baba mkwe, halafu nikapiga na honi.

Mazungumzo yakaenda vizuri kupita kiasi, chai ikafuata chai, wazee wanatoka jua limeshakuwa jekundu. "Haya, haraka!" adeer akasema. Nikakanyaga klachi, nikavuta gia palipochorwa rivasi, nikaachia, gari likaruka mbele likagonga lango la zizi. Nikasema bismillahi, nikajaribu tena, likaruka tena, lango chini, na mbuzi wote wa yule mzee, mtu aliyekuwa anafikiria kunipa binti yake, wakatupita wakaenda zao mjini. Kila nikitafuta rivasi naletewa gia ya kwanza. (Kesho yake dereva aliniambia ilitakiwa nikandamize kirungu cha gia chini kwanza. Kesho yake!) Wazee wananipigia kelele, mmoja vuta, mwingine sukuma, wa tatu anasoma dua, jasho likanizidi nikavua kilemba bila kufikiri.

Hapo ndipo doria ya askari iliposimama kwenye mdomo wa kichochoro, bunduki mkononi.

"Dereva nani? Shuka! Unapeleka wapi gari saa hizi?"

Adeer akaniwahi: "Afande, wallahi hii kijana si shifta. Hii ndiyo bwana harusi! Sisi nakuja kubosa bibi kwa ile nyumba."

Nikageuka. Mama mkwe alikuwa ametoka kutafuta mbuzi wake, kasimama pale pale, na tukatazamana macho kwa macho. Akapiga ukelele, akajifunika shuka uso mzima, nami nikajifunika kilemba changu, tukabaki hivyo, kila mtu kaupa uso ua wake.

Afande alicheka mpaka akaegemea gari. "Bwana harusi, toa gia, tusukume." Askari, wazee na baba mkwe mwenyewe wakalisukuma kinyumenyume hadi barabarani, mimi nimekaa ndani kama mheshimiwa. Tukawahi kafyu kwa tabu. Baba mkwe aligeuka akarudi kwake bila kuaga, nikajua Halima nimemkosa, na siku ile nililia, sioni haya kusema.

Asubuhi mzee akaja kwetu, hata kiti hakutaka. Akamwambia adeer, "Mbuzi wamepatikana, alhamdulillahi. Na binti amekubali. Lakini ana sharti: siku ya harusi atakuja kwa miguu."

Halima akaja kwa miguu kweli, mtaa mzima nyuma yake wakiimba, na mimi nimesimama mlangoni nikiona kila hatua.

Tangu siku ile siegeshi gari kabla sijaligeuza kuelekea njia ya kutokea, hata mahali penye uwanja mpana, hata mvua ikinyesha. Na Halima, bibi mzima sasa, kila tukifika mahali hunigusa bega kabla hajashuka: "Baba Abdi, hapa tutatoka?"