Niliona Haya Kuita, Nami Niko Chini ya Lori

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hadi leo hii kifua hunibana na mkono wangu wa kushoto hutafuta mahali pa kushika. Ilikuwa Ijumaa, mchana kweupe, pale Gazi, nyumbani kwa wakwe zangu. Nakuita mwanangu ingawa u mjukuu wangu, kwa sababu nitakalokuambia si la kuambiwa mjukuu akacheka akaenda zake. Juzi nilikukuta uani kwako Kombani umejilaza chini ya lori lako, miguu imetokeza nje, unabadilisha oili huku redio inaimba. Sikukusemesha. Niliingia ndani nikakaa kitandani mpaka nikasikia umetoka.

Miaka hiyo ya hamsini, kabla ya uhuru, nilikuwa nikiendesha lori la mjomba wangu, kaka yake mama. Alilinunua likiwa kuukuu, akanikabidhi, akaniambia nilichukulie kuwa langu. Tulibeba boriti za mikoko kutoka Gazi na nazi kutoka Msambweni, tukazipeleka kivukoni Likoni. Kijana mwenye lori siku zile! Nilivaa kofia nikaiegemeza upande mmoja, na honi niliipiga hata pasipokuwa na kuku barabarani. Mjomba alinivumilia hayo yote. Jambo moja tu hakulifanyia mzaha, nalo ni oili. Oili ikichakaa injini inajila yenyewe, alikuwa akisema, na tuliibadilisha wenyewe nyumbani, maana fundi wa karibu alikuwa Mombasa.

Jumatano ya wiki ile aliniuliza kama nimeshaibadilisha. Sikuwa nimeibadilisha. Nilikuwa nashinda Gazi, kwa kuwa mke wangu alikuwa amejifungua kwao mtoto wetu wa kwanza, msichana, na mimi nilikuwa nimelewa furaha. Nikamjibu, "Nimeshabadilisha, mjomba." Nikatazama pembeni nikaanza kufuta kioo kilichokuwa safi. Uongo wenyewe ulikuwa mdogo hivyo, na uliniponyoka kabla sijaufikiria.

Lakini Jumamosi alfajiri tulikuwa tusafiri naye mwenyewe, na nilimjua mjomba. Kabla hajapanda angefungua boneti, achomoe kijiti cha kupimia oili, akipanguse kwa vidole, akinuse. Basi nikawa nawinda saa ya kuifanya kazi ile asijue mtu. Ijumaa wanaume wote walipokwenda msikitini, baba mkwe na utingo wangu wakiwamo, nikasema tumbo linanisokota. Uongo wa pili huo, na wa kuikwepa swala ya Ijumaa, Mungu anisamehe.

Lori lilikuwa uani kwa wakwe, limeshapakiwa boriti. Magurudumu ya mbele yalikuwa yamezama kidogo mchangani, na nafasi ya chini haikumtosha mtu na debe. Mjomba alinifundisha kwamba ukiinua lori kwa jeki, jeki ikae juu ya ubao mpana, kisha upange magogo mawili mawili, haya yamelalia yale, chini ya ekseli. Magogo hayo yalikuwa kwake Msambweni. Pale uani baba mkwe alikuwa amerundika mawe ya matumbawe ya kujengea chumba kipya. Nikayaangalia, nikasema mawe haya yanabeba nyumba, yatashindwa na lori? Nikainua, nikapanga mawe pande mbili, nikateremsha jeki kwa kuwa ilikuwa imeanza kuinama.

Jiwe la matumbawe, mwanangu, lina matundu ndani. Ukutani, likiwa limeshikwa na chokaa na wenzake, litakaa miaka mia. Likitwishwa mzigo mahali pamoja hupasuka bila taarifa. Mimi mzaliwa wa pwani, niliyelala katika nyumba za matumbawe maisha yangu yote, sikulijua hilo. Niliona jiwe, basi.

Injini nilikuwa nimeiwasha kidogo ili oili ilainike. Nikavua shati, nikajifunga kikoi, nikaingia na debe na spana. Nikailegeza nati ya chini ya injini, oili ikaanza kutiririka, nyeusi, ya moto. Hapo nikasikia mlio mdogo, tki. Sikupata hata nafasi ya kushangaa. Lori likashuka.

Halikuniua kwa kuwa magurudumu yaliangukia mchangani na ekseli ikasimama juu ya kifua changu, imekibana, haijakivunja. Mkono wa kulia ulikuwa umelaliwa. Oili ilikuwa inamwagikia bega na kwapa langu la kushoto, na inaunguza. Nilijaribu kupiga yowe, nikagundua kwamba pumzi yangu ni nusu. Ukiivuta ikafika hapa, inagonga chuma, inarudi. Niliogopa, mwanangu. Sioni haya kukuambia. Niliogopa mpaka nikajikojolea.

Nikasikia nyayo. Nilimjua kwa mwendo wake kabla sijaona pindo la leso. Alikuwa mama mkwe, anafagia ua.

Ninyi mnakaa na wakwe zenu mnakula sinia moja, kwa hiyo hili hamtalielewa upesi. Kwetu wakati ule, mume wa binti na mama mkwe walioneana haya. Nikikutana naye njiani nilikaa kando apite. Salamu tulipeana yeye yuko nyuma ya mlango. Shikamoo mama, marahaba baba, imekwisha. Jina lake sikuwahi kulitamka. Na sasa mimi nimelala kifua wazi, kikoi kimefunguka, nimejikojolea, na mtu pekee aliyekuwepo uani ni yeye. Mke wangu alikuwa ndani na mtoto wa siku tano, hatoki.

Nikanyamaza. Naam, nilikuwa bado na sauti kidogo, nikainyamazisha. Niliziona nyayo zake zikipita karibu na gurudumu, ufagio ukichora mchanga, nikasema moyoni, subiri, wanaume watatoka msikitini sasa hivi. Akapita akaenda zake. Nilifurahi kwamba hakuinama. Hebu nifikirie nilivyokuwa, mtu anafurahi kwa jambo kama lile.

Kisha lori likazama tena, si sana, labda unene wa ukucha. Mchanga ulikuwa unatoka polepole chini ya magurudumu kwa uzito wa zile boriti. Nikajua kwamba haya mambo hayajasimama, yanaendelea. Mama mkwe akapita mara ya pili, amebeba ndoo, na kwa mara ya pili nikauma mdomo. Nilikuwa najisemea, afadhali nife kuliko mkwe anione hivi. Kijana wa miaka ishirini na miwili husema maneno kama hayo kwa urahisi sana.

Aliyeniokoa ni mtoto. Alilia ndani, kile kilio chembamba cha mtoto wa siku tano, nikakumbuka kwamba hata jina hajapewa. Bado siku mbili. Hofu niliyokuwa nayo ikageuka ikawa nyingine, kubwa zaidi, kwamba mtoto yule atakua akiambiwa baba yako alikufa chini ya lori hatua kumi kutoka mlangoni. Hapo haya yote ikanitoka. Nikafungua kinywa niite, "Mama!"

Sauti haikutoka. Ekseli ilikuwa imeshuka kiasi cha kuniachia pumzi ya kuishi tu, si ya kuitia. Nilipokuwa nayo sauti sikuitumia, na sasa ninaitaka haipo. Sijapata tena kuogopa vile, hata siku gari liliponifia kwenye mteremko na breki hazishiki.

Mkono wa kushoto ulikuwa huru, na spana ilikuwa karibu. Nikaanza kugonga chesi, ule uti wa chuma wa lori. Ko, ko, ko. Nikamsikia mama mkwe akimwambia mke wangu dirishani, "Baba mtoto kazi yake imepamba moto leo, wacha tumpikie vizuri." Mwanangu, nilitokwa na machozi. Watu wa lori hugonga vyuma kutwa, angejuaje? Nikagonga tena, sikuacha, mkono unaungua, nagonga.

Alichokiona kikamshtua ni oili. Ilikuwa imepotea njia, haiingii debeni, imetambaa mchangani mpaka pale alipokuwa amekaa anakuna nazi. Nikasikia mbuzi ya nazi imesukumwa. Akaja, akasimama, akageuza uso kando kama adabu inavyotaka, akasema, "Baba, u mzima?"

Nikagonga mara moja. Ndipo alipoinama akaniona.

Hakupiga kelele. Alivua leso yake ya juu akanifunika kuanzia kiunoni, kisha akasema, "Usiseme neno. Usimalize pumzi." Akampazia sauti mke wangu, "Toka mlangoni upige ukemi! Arobaini tutaijua baadaye!" Mke wangu akatoka na mtoto mkononi akapiga ukemi uliosikika mpaka kwenye mikoko. Lakini msikiti ulikuwa mbali na lori lilikuwa linashuka.

Mama mkwe akashika kifuu cha nazi, kile alichokuwa ametoka kukikuna, akaanza kuchimba. Niliingiwa na hofu mpya, kwamba atauchokoa mchanga wa gurudumuni lori linimalize. Nadhani aliyaona macho yangu. Akasema, "Nimechimba visima vya mchanga tangu nikiwa kigoli. Najua unapoangukia." Alimwaga ndoo nzima ya maji kando ya gurudumu mchanga ushikane, kisha akachimba chini ya mgongo wangu, chini ya bega na ule mkono uliolaliwa, kifuu kwa kifuu, anautupa nyuma yake. Nilihisi mgongo ukishuka upana wa kidole. Pumzi ikaongezeka. Akachimba tena. Akaja jirani, mwanamke naye, wakapitisha leso ya pili chini ya makwapa yangu, wakasema bismillahi, wakavuta.

Ngozi ya kifua nyingine niliiacha kule. Nilikuwa nimelala kivulini, leso ya mkwe kiunoni, wanaume ndiyo kwanza wanakimbia kuingia uani, lori lilipozama mara ya mwisho. Chini ya injini kukagusa mchanga pale pale nilipokuwa.

Jioni mama mkwe alikuja chumbani nilipolazwa nikipakwa asali kwenye majeraha. Alikaa kitako mbele yangu, uso kwa uso, mara ya kwanza tangu nimuoe binti yake.

"Ulinisikia nikipita na ufagio?"

"Nilikusikia, mama."

"Na nikipita na ndoo?"

"Nilikusikia."

Alinitazama, machozi yakamjaa. "Basi ungemfanya mwanangu mjane kwa kuniheshimu mimi. Heshima hiyo siitaki, baba. Sikukufundisha mimi, na aliyekufundisha hakukufundisha vizuri." Akainuka akaenda zake. Nimekemewa na wengi, na mjomba alinikemea siku ya pili nilipomwambia uongo wangu wote, akaninyang'anya ufunguo mpaka mkono upone. Lakini maneno ya mama mkwe ndiyo ninayolala nayo.

Siku ya saba ya mtoto ilipofika, jina lilikuwa liwe la mama yangu mzazi, ndiyo desturi. Nilimwendea nikamwomba aliachie. Akanijibu, "Mpe mkweo. Mimi nimebakiziwa mwana, jina si kitu." Tukamwita mtoto Mwanasiti. Mwanasiti huyo ndiye mama yako. Wewe na dada zako mmenicheka miaka yote, mzee mzima anamwita bintiye "Mama", kwa nini hamwiti kwa jina. Basi leo umejua. Jina hilo ni la mkwe wangu, na haya yake bado ninayo, ile ya kweli.

Sikukatazi kubadilisha oili mwenyewe. Ni kazi nzuri, na fundi wa siku hizi simwamini. Lakini liweke lori mahali pagumu, panga magogo, na ulisukume kwa nguvu zako zote kabla hujaingia, ujue kama linacheza au la. Usilitegemee jiwe kwa sababu linabeba nyumba. Mwambie mtu aliye nyumbani, hata mtoto, "Naingia chini." Ukiulizwa umefanya na hujafanya, sema hujafanya. Utafokewa, utapona. Na ukibanwa, mwanangu, na chuma au na jambo lolote la dunia hii, ita mapema, sauti ikiwa bado iko. Ita hata kama umejikojolea. Ita hata kama anayepita ni yule usiyetaka akuone.

Mwenyezi Mungu akulinde barabarani na akulinde uani kwako. Akupe mikono mizuri ya kazi na watu wenye masikio karibu nawe, na watoto wako wakujue ukiwa hai. Amina.

Na safari nyingine ukibadilisha oili, usinifiche. Nitaleta kiti nikae karibu na gurudumu. Kifuu nitakuja nacho.