Mfagia Dohani Aliyeipeleka Homa Sauna

Saa mbili asubuhi, Eila Kokkarinen yuko juu ya paa mjini Iisalmi, barakoa usoni, brashi ndani ya dohani, anakwangua masizi ya moshi. Ghafla anasimama. Mkono unashika tumbo, chini, upande wa kulia.

"Eila! Ni lile tumbo?" anapiga kelele mumewe, Taisto, aliyeshikilia ngazi.

"Njaa tu, mzee! Ule uji wako ungemshibisha nani?"

Taisto hacheki.

Eila ana saratani ya damu. Majira ya baridi yaliyopita, dawa zilizopiga saratani zilipiga na kinga yake. Daktari alimwonya: homa ikipanda hata kidogo, piga simu papo hapo. Homa ikaja Jumamosi, siku ya sauna, lile bafu la mvuke moto. Tumbo likamkata, mwili ukatetemeka. Simu hakuigusa. Akatia kuni kwenye jiko la sauna.

"Sisi hata mafua tunayapeleka sauna," anasema. "Nikajiambia nitoe jasho, yataisha. Ujinga gani ule!"

Taisto aliuona uso mwekundu wa mkewe akadhani ni mvuke, akaongeza maji juu ya mawe ya moto. Walipotoka kupoa kibarazani, yeye alipoa. Mkewe alikaa miguu peku kwenye theluji, mwili unawaka, meno yanagongana.

"Nilimgusa shingo nikaruka," anasema Taisto. "Nikamwambia, mke wangu, hii si sauna tena."

Hospitali ilikuta utumbo mpana umevimba pale unapoanzia, chini upande wa kulia, nusura utoboke. Kumpasua mtu asiye na kinga kungeweza kumuua. Utumbo ungetoboka, nao ungemuua. Madaktari wakasubiri, chumba cha upasuaji kikiwa tayari. Eila alikatazwa kula, akabaki na dripu za dawa, na Taisto pembeni hajui aombe nini. Hatimaye chembe nyeupe za damu zikaanza kurudi, uvimbe ukanywea.

Sasa daktari amemruhusu siku chache za kazi, tena kwa shingo upande. Jumatatu anaanza duru ya mwisho ya dawa, na kinga itashuka tena.

"Naogopa, nisidanganye," alisema kabla ya kupanda. "Lakini vuli ikifika nataka nifagie dohani zote za mtaa huu. Na ya sauna yangu."

Anashuka taratibu. Chini ya ngazi, anamnyooshea Taisto mkono wenye masizi.

"Si njaa, mzee," anasema. "Lete kipimajoto. Na simu."