Njiwa Wasio na Jina

Rafiki yangu Cajetan ana huruma sana na wanyama, na sisemi hivi kwa kumtania tu. Msimu wa baridi, theluji ikiwa imefika magotini, hutoka nyuma ya nyumba yake hapa Pickering, Kanada, na birika la maji ya uvuguvugu, koti la kanisani juu ya pajama, awapelekee njiwa wake maji yasiyoganda. Mkewe Carmelina anasema katika ndoa yao yote hajaletewa kitandani hata kikombe cha chai. Ni kweli, na mimi nimeacha kumwombea mabadiliko.

Cajetan ni Mgoa wa Tanga, asili yake Uhindini. Tulijuana ofisini, Don Mills, kwenye kampuni ya bima, siku mashine ya kahawa ilipommezea sarafu naye akaitukana kwa Kiswahili ambacho sikuwa nimekisikia tangu niondoke Barabara ya Kumi na Mbili kule kwetu Tanga. Nilikuwa nyuma yake kwenye foleni. Nikamwambia, "Pole bwana, mashine za huku hazina mama." Akanikumbatia mbele ya wafanyakazi wote. Sasa sote tumestaafu, mke wangu alishatangulia mbele ya haki, na kila Jumapili wakitoka misa nakula kwao. Jina langu ni Yusuph. Wao huniita shemeji au "wewe", kutegemea nimechelewa kiasi gani.

Njiwa wenyewe ni wa maonyesho. Ni weupe, wanatembea kifua mbele kama diwani aliyeshinda uchaguzi, na mkia umefunguka kama pepeo la kupulizia mkaa. Kuruka hawawezi sana. Mkia ule haukukuzwa kwa ajili ya kuruka, ulikuzwa kwa kutazamwa, na kila vuli hutazamwa kweli, katika ukumbi wa parokia, na majaji waliovaa koti jeupe kama madaktari.

Banda la Cajetan lina sheria moja. Kinda hapewi jina mpaka mkia wake ukaguliwe. Mkia ukifunguka sawasawa, anapewa jina la mtakatifu: kuna Perpetua, kuna Sebastiano, kuna Filomena ambaye ana tabia mbaya. Mwenye jina hufugwa hadi afe kwa uzee, na akifa huzikwa chini ya mpeasi na sala fupi. Lakini mkia ukiwa na pengo, au ukilala upande, kinda huyo hapewi jina. Kwa maneno ya Cajetan, anatafutiwa pahali.

Pahali penyewe ni sufuria ya Carmelina. Anapika mchuzi wa Kigoa wa nazi, pilipili kavu na siki, mchuzi ambao ukiuonja unasamehe watu. Na anayechinja ni mimi. Ndivyo tulivyolelewa Tanga: nyumba ya Mkristo ikipika kitoweo, anaitwa jirani Mwislamu achinje, ili asiwepo wa kubaki na njaa mezani. Kwa hiyo Jumapili nanoa kisu, nasema bismillahi, na saa ya kula Cajetan anasali sala yake. Dini mbili, sufuria moja. Wakubwa wa dini hukutana kila mwaka kwenye hoteli kubwa kutafuta jambo hilihili, na hawajalipata.

Siri hii, kwamba nyama ile si kuku, ililindwa na Kiswahili. Nyumba ile ina lugha tatu: Kiingereza cha kila siku, Kikonkani cha wazee wao wa Goa, cha kusali na kukasirika, na Kiswahili cha kusemea mambo ambayo watoto hawatakiwi kuyasikia. Walianza hivyo tangu binti yao Savia akiwa mdogo. Zawadi za Krismasi, majibu ya hospitali, shangazi aliyetoroka na mume wa mtu, yote yalipita kwa Kiswahili juu ya kichwa cha mtoto. Savia akakua, akamzaa Ariane, na kwa kuwa Savia ni nesi wa zamu, Ariane akalelewa jikoni kwa bibi yake. Desturi haikubadilika. Walimpitishia Kiswahili juu ya kichwa, naye akajibu kila kitu kwa Kiingereza.

Ariane alipoingia mwaka wa pili chuoni, akajiunga na kundi la kutetea haki za wanyama. Alianza kwa kuacha nyama. Halafu akaja Jumapili moja amevaa fulana yenye picha ya jogoo aliyetutazama sote mezani kama hakimu. Carmelina akamwekea bakuli lake la dengu, na tangu siku hiyo dengu zikawa na nafasi yao mezani. Cajetan alifikiri ni kama chunusi, zitaisha.

Hazikuisha. Majira ya kuchipua zikaja habari kwamba halmashauri ya kitongoji imepelekewa maombi, yametiwa saini na watu wengi, kutaka ufugaji wa ndege wa mapambo upigwe marufuku majumbani. Chama cha wafugaji kikaitisha mkutano wa dharura katika chumba cha chini cha Cajetan. Mimi sifugi hata nzi, lakini nilihudhuria kwa sababu ya sambusa.

"Leo njiwa," alisema Rameez, mfuga kanari, uso umemparama. "Kesho kanari wangu. Keshokutwa mtoto ataambiwa samaki wake wa kwenye chupa ni mfungwa."

"Hawa hawataki wanyama watunzwe vizuri," Cajetan akasema. "Wangetaka hivyo ningewapa funguo za banda waje waone. Wanataka wasizaliwe kabisa. Filomena asizaliwe!"

Hayo hayakuwa maneno ya kijinga, na nataka nimtendee haki. Aina ile ya njiwa haiishi porini. Mtu akiacha kuifuga, imekwisha, na pamoja nayo yanakwisha maarifa ya watu waliolala bandani usiku kucha wakisubiri yai lipasuke. Chama kikamchagua Cajetan akaseme mbele ya halmashauri, kwa kuwa ana tai na Kiingereza cha ofisini. Kisha wakakubaliana kujihadhari na wapelelezi. Mtu yeyote mgeni atakayeuliza maswali mengi, wamwambie njiwa wana mafua. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini sisi tulikuwa tunachungulia dirishani.

Mimi nilikuwa na hofu yangu. Miaka kadhaa nyuma Cajetan alipasuliwa moyo, na daktari alimwambia atafute jambo la kumwamsha asubuhi. Jambo hilo ni banda. Nimewaona wastaafu wenzetu wasio na la kuwaamsha. Wanakaa mbele ya televisheni wamevaa kofia ndani ya nyumba, halafu siku moja tunapigiwa simu. Banda likivunjwa, nilijua nani atafuata. Nilimpenda yule mzee kuliko nilivyowahi kumwambia, na nilikosa usingizi.

Jumapili kabla ya kikao alifanya mazoezi ya hotuba jikoni. Carmelina alikuwa anamenya vitunguu, mimi nafuta kisu, Ariane yuko mezani na kompyuta yake, anakula karanga.

"Wakiuliza makinda wabovu wanakwenda wapi, nijibu nini?" Cajetan akauliza, kwa Kiswahili.

"Sema wanatafutiwa pahali," Carmelina akasema. "Si uongo. Pahali wamepata."

"Na huyu?" nikauliza, nikimwonyesha Ariane kwa kidevu.

"Huyu?" Cajetan akacheka. "Huyu ni sawa na kabati. We ongea tu."

"Grandma," Ariane akasema bila kuinua macho, "any more of these peanuts?"

Kikao kilikuwa mchana. Cajetan alivaa suti aliyoivaa kwenye harusi ya Savia. Upande wetu tulikaa wazee, tunanukia dawa ya viungo. Upande wa pili walikaa vijana, wanapendeza, wana mabango, na mbele yao kabisa, mwenye kipaza sauti, alikuwa Ariane. Cajetan alipomwona, alishika ukingo wa meza. Hatukujua kuwa ndiye msemaji wao. Alikuwa hajatuambia, nasi hatukuwa tumemwuliza.

Hata hivyo Cajetan alisema vizuri. Alieleza maji ya uvuguvugu, makaburi ya chini ya mpeasi, na namna Perpetua alivyonyweshwa dawa kwa kijiko alipougua. Mwanamke mmoja wa halmashauri akapangusa macho. Halafu Cajetan akanyanyua mkono wa kulia, jambo ambalo hakuna aliyemwomba, akasema kila ndege aliye na jina katika banda lake hufa kwa uzee. Kila neno la sentensi hiyo lilikuwa kweli. Mimi niliangalia viatu vyangu.

Ariane akasimama. Aliuliza swali moja tu, kwa upole, kwa Kiingereza: makinda ambao mkia wao haukukaa sawa, wanakwenda wapi?

"Tunawatafutia pahali," Cajetan akajibu.

Ariane alikuwa na karatasi mkononi, imejaa maandishi pande zote mbili. Akamtazama babu yake muda mrefu, kisha akanitazama mimi, yaani mikono yangu, na sikupenda alivyoitazama. Akaikunja ile karatasi.

"Thank you," akasema, akakaa. Vijana wenzake walimgeukia kwa mshangao.

Mwenyekiti wa kikao akasema imemgusa kuona babu na mjukuu wanatofautiana kwa adabu kiasi hicho. Maombi yakawekwa kando. Wenye mabanda waendelee na mabanda yao. Rameez alilia waziwazi, na njia nzima ya kurudi Cajetan alikuwa anapiga usukani kwa furaha.

"Umeona mtoto yule? Angeweza kunibana, hakunibana. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, Yusuph."

"Ndiyo," nikasema. Kitu fulani kilikuwa kinaniwasha shingoni.

Jumapili ikapikwa karamu ya ushindi. Nilichinja makinda watatu, mikia yao yote imelala upande. Carmelina alitia nazi bila kubana mkono. Ariane alikuja, akabusu watu, akakaa mbele ya dengu zake. Cajetan akasali, nami nikasema bismillahi yangu. Carmelina akafunua sufuria, mvuke ukapanda, harufu ile ikatuingia mpaka magotini.

"Babu," Ariane akasema.

Upawa ulisimama hewani. Katika nyumba ile neno hilo lilikuwa halijawahi kutoka kinywani mwake.

"Leo tunamla nani?"

Aliuliza kwa Kiswahili, na hakikuwa cha kuokoteza. Kilikuwa Kiswahili cha Tanga, kina lafudhi ya babu yake akigombana na mashine ya kahawa. Kimya kingi kina mshindo mkubwa, wahenga walisema, lakini mimi nilikuwa sijawahi kukaa meza moja nacho.

"Tangu lini?" Cajetan akauliza.

"Tangu zamani, Babu. Zawadi zote za Krismasi nilikuwa nazijua. Aunty Gina alikotoroka najua." Akaweka kijiko chini. "Na ulipopasuliwa moyo. Mlikuwa hapahapa, Bibi analia, Uncle Yusuph anasema daktari hana uhakika kama utapona. Nilikuwa mdogo, nimekaa kiti hikihiki. I went and cried in the bathroom. Sikuwa na wa kumwuliza, kwa sababu nilikuwa kabati."

Carmelina alifunika uso kwa aproni. Nilikumbuka siku ile. Nilikumbuka hata kwamba baada ya kusema vile nilimpa mtoto biskuti.

"Mbona hukusema pale kikaoni?" Cajetan akauliza. "Ulikuwa na karatasi."

"Nilikuwa na kila kitu. I had the whole speech." Alimshika mkono. "Halafu nikaona tai yako inatetemeka. Nikasema, wakimchukulia banda, huyu hafiki Krismasi. So nikakaa. Wenzangu mpaka leo hawajibu simu zangu."

Akauachia mkono, akaisogeza sufuria katikati ya meza, taratibu, mpaka mbele ya babu yake.

"Wewe nimekuokoa. Sasa hawa. Sikukatazi kula, Babu. Mpe jina kwanza, halafu mle."

Carmelina akamnong'oneza mumewe kitu kwa Kikonkani, haraka haraka. Ariane akageuka. "Hiyo bado sijaijua, Bibi. Nipeni muda."

Nilidhani Cajetan atacheka na yataisha. Ni mtu anayewajua watakatifu wote wa kalenda, wenye njaa na waliochomwa mishale. Akafungua kinywa. Akakifunga. Akalitazama paja dogo lililokuwa limetokeza kwenye mchuzi mwekundu, akafungua kinywa tena. Mchuzi ulianza kuganda mafuta juu. Mwishowe nikawa wa kwanza kusogeza sahani upande wa dengu, kwa aibu, na wenzangu wakafuata. Hazikuwa mbaya. Zilikosa chumvi.

Nilijipa moyo kwamba ni hasira ya siku moja. Wiki mbili zikapita, Ariane ana mitihani, hayupo, na Jumapili hiyo nikaona Cajetan anatoka bandani na kinda mkononi. Mkia wake ulikuwa na pengo ambalo ungeweza kupitisha kidole. Roho yangu ikatulia. Nilikuwa nimeshanoa kisu, na Carmelina ameshakuna nazi.

Cajetan akaingia jikoni, akafunga mlango kwa kisigino kuzuia baridi. Akamkumbatia yule kinda kifuani, pale penye kovu la upasuaji, akamtazama, kisha akanitazama mimi na kisu changu.

"Huyu," akasema, "anaitwa Yusuph."

Nikarudisha kisu kwenye droo.